Siku Aliyonitembeza Guangzhou

Jumatano, 6 Novemba 2002. Butembo.

Nimefungua duka saa mbili. Vitenge vizuri nimevipanga mbele, vya mume wangu nyuma. Vya mume wangu ni vile alivyochagua mwenyewe China mwaka jana. Rangi ya matope, maua makubwa kama sahani. Wanawake wanavishika, wanacheka, wanaviacha. Paluku ni mfanyabiashara hodari, lakini kwa nguo ya mwanamke ni kipofu. Ndiyo maana safari hii ananichukua. Yeye anasema ni ili nione ulimwengu. Mimi najua ni vitenge.

Siku sita zimebaki. Koti nimeazima kwa jirani. Gloria wangu na wadogo zake watakaa na dada yake Paluku.

Mchana wamepita watu waliokimbia kutoka upande wa Mangina. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba mlango kichwani. Mlango tu, bila nyumba. Wanasema vita inashuka kutoka Mambasa. Mama yangu yuko hukohuko, Mabalako, shambani, peke yake tangu Baba afe. Nimefunga duka mapema, nikapanga foleni kwenye fonia, ile redio ya kuongea na miji mingine, nikamwambia kaka yangu Kambale wa Beni amtoe Mama kule. Sauti ilikatika mara mbili. Naogopa.

Jumamosi, 9 Novemba. Beni.

Nimekuja kumchukua Mama. Barabara ni tope tupu, tumesukuma gari mara tatu. Kambale alimtumia mtu wa pikipiki, Mama akaja. Amekaa kwenye kiti cha Kambale kama askofu, amekula, amenawa, kisha anatuambia kesho anarudi kwake.

Nimemsihi. Nimekasirika. Nimemwambia Butembo kuna chumba chake, kuna wajukuu, kuna bati juu. Alisikiliza yote.

"Mi hapana toka sasa. Maharagi iko inakauka. Na baba yenu, nani atabaki naye kule?"

Baba yuko kaburini nyuma ya nyumba, mwaka wa nne sasa. Nikamwambia maiti haihitaji mlinzi. Nilisema vibaya. Mama aliangalia tu mikono yake.

Baadaye akaniuliza watu wa China wanakula nini. Nikasema sijui, labda nyoka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Anataka nikirudi nimweleze kila kitu, nisiruke hata kimoja.

Lakini mimi bado nilikuwa nimenuna. Nimepanda gari bila kumshika mkono. Kichwa chake ni kigumu, na changu alikizaa yeye. Wiki mbili si nyingi, nitarudi hasira zimeisha.

Jumanne, 12 Novemba. Rughenda.

Tunangoja ndege ndogo ya Entebbe. Wametupima kwenye mizani, mimi pamoja na begi langu, mbele ya watu wote. Aibu. Paluku amejifanya anasoma karatasi zake.

Hakuna habari ya Mama. Fonia ya Beni haijibu tangu jana. Paluku ananiambia nisali. Huyo anayesinzia kila misa.

Alhamisi, 14 Novemba. Guangzhou.

Entebbe, Dubai, Hong Kong, treni. Miguu imevimba, viatu haviingii. Tuko ghorofa ya kumi na moja. Sijawahi kulala juu ya watu wengi hivi.

Ukifungua mlango wa chumba unasikia Kinande, lugha yetu, koridoni. Nusu ya ghorofa ni watu wa Butembo. Mama Neema, yule wa viatu, jirani yetu wa mtaa, yuko chumba cha tatu. Alinikumbatia. Akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za Mama, za mbuzi, za kila mtu mpaka mlevi wa pale kona. Ndivyo tunavyosalimiana sisi, hatumalizi.

Paluku amebeba oda za wafanyabiashara wanane. Wanajaza kontena moja pamoja, na safari hii yeye ndiye anayewanunulia wote. Kesho alfajiri sokoni. Anasema China si mahali pa kutembea, ni mahali pa kununua. Safari saba amekuja, hajaona hata mto.

Ijumaa, 15 Novemba. Asubuhi.

Mama amefika Beni!

Nimeandika hilo kwanza. Tulikuwa tunakunywa chai, dada wa mapokezi akaja kumwita Paluku kwenye simu. Akakaa huko. Akarudi, akasema ni mambo ya mizigo, akatoka nje ya hoteli. Saa mbili nzima. Aliporudi shati lilikuwa limelowa. Nikamwambia kama ni habari ya nyumbani aseme.

"Ni Kambale. Mama amesha fika Beni. Alitembea na miguu."

Nimelia palepale, nimemwaga chai. Kichwa kigumu, lakini ametoka! Nikasema sasa nitaweza hata kulala. Paluku amenifuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe, mbele ya Wachina.

Halafu akasema: "Leo hapana soko. Leo tunatembea, mi na wewe."

Paluku! Aliyefungua duka asubuhi ya harusi yetu! Nimemgusa paji la uso kuona kama ana homa. Navaa koti.

Ijumaa hiyohiyo. Jioni.

Nitaandika kwa mpangilio. Nisipofuata mpangilio nitapiga kelele.

Kwanza kwenye lifti. Tulikuta watu wetu wanne, Mama Neema akiwa mmoja wao. Walinisalimia vizuri, sauti za chini. Basi, wakanyamaza, wakaangalia namba za ghorofa. Nilidhani ni haraka ya soko.

Barabarani. Baiskeli kama nzige, na magari, na juu ya magari kuna barabara nyingine. Niligoma kuvuka. Paluku akanishika mkono. Miaka kumi na miwili ya ndoa, hajawahi kunishika mkono barabarani. Kwetu mwanamume anatangulia, mke anafuata na mzigo. Leo alitembea kando yangu, tena polepole, na mfuko wangu amebeba yeye. Nilimtania, nikamwambia watu wa Butembo wakimwona watampeleka kwa mganga. Hakucheka. Akanikaza mkono.

Bustani kubwa, juu ya kilima. Sanamu ya mbuzi watano wa mawe. Watu wanasimama kupiga nao picha, wananyamaza kwa heshima. Nikasema kwetu mbuzi haheshimiwi, analiwa. Hilo nikaliweka kwa ajili ya Mama. Wazee wanacheza dansi mchana kweupe, wanaume kwa wanawake, hakuna mlevi hata mmoja. Nikaliweka. Bibi mmoja akanigusa misuko, akaita wenzake, wote wakagusa. Nikawaachia kichwa. Nikaliweka.

Sokoni kweli kuna nyoka. Wako hai, ndani ya wavu. Nilicheka peke yangu mpaka machozi, nikamwambia Paluku, "Mama atakufa na kicheko."

Yeye akageuka akaangalia kobe.

Mimi ndiye niliyesema maneno hayo. Kwa mdomo wangu huu.

Tulikula tambi, zikanishinda, Paluku akanikatia kwa kijiko. Tukapanda mashua mtoni. Akaniuliza kama nina baridi. Akaniuliza kama nina njaa. Akaniuliza kama nimechoka. Mwanamume ambaye hajui namba ya kiatu changu. Nikawaza, kumbe ananipenda hivi, ila Butembo hana nafasi. Nilikuwa na furaha. Lazima niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Tangu asubuhi mpaka saa kumi nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote katika mji ule.

Saa kumi tukaona kanisa. La mawe, minara miwili, limesimama kati ya maduka ya vitambaa na vifungo. Nikasema tuingie tumshukuru Mungu kwa ajili ya Mama. Ndani kulikuwa na giza kidogo, wanawake wazee wanasali rozari kwa Kichina. Maneno sikuyajua, lakini mwendo wake niliujua, nikajibu na mimi kwa lugha yangu. Paluku alipiga magoti benchi la mbele yangu. Aliweka uso ndani ya mikono. Mabega yanatikisika. Nikamsogelea nimguse, naye hakunisikia, alikuwa anasali kwa sauti ya chini.

"Bwana, umupe mama Kavugho pumziko la milele. Mwanga wa milele umwangazie."

Kavugho ni mama yangu.

Nilirudi benchi langu. Nilikaa. Wale wanawake waliendelea, na mimi nikaendelea kuwaitikia. Sijui nilisema nini.

Hapo ndipo nikakumbuka lifti. Jana Mama Neema aliuliza mpaka mlevi wa kona. Leo hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani, hata mmoja kati ya wanne. Mtu wa kwetu haachi kuuliza nyumbani isipokuwa anajua jibu. Walikuwa wanajua wote, pamoja na huyu anayenishika mkono.

Najua kwa nini. Kwetu mtu aliye safarini hapewi kifo. Anaambiwa njoo, au haambiwi kitu, mpaka afike, aketishwe, apewe maji, mzee aseme, na wanawake wawe wamemzunguka tayari ili akianguka aangukie kwenye mikono. Hapa nani atanizunguka? Nikilia nitalia juu ya kitanda cha hoteli, na jirani Mchina atagonga ukuta.

Kwa hiyo sikusema. Nilitoka kanisani na uso uleule nilioingia nao. Nje kulikuwa na mpiga picha. Paluku akataka tupigwe. Nilisimama. Nilicheka. Picha iko hapa, bado inanuka dawa.

Paluku yuko bafuni. Maji yanamwagika muda mrefu, na mtu anayeoga hasimami kimya hivyo.

Jumamosi, 16 Novemba.

Soko la vitambaa. Ghorofa kwa ghorofa, mtu anaweza kupotea wiki. Nimechagua. Bluu, njano, kijani cha jani la ndizi. Mkono ulichagua wenyewe. Muuzaji amesifu macho yangu kwa kidole gumba.

Nimemwangalia Paluku akipima, akiandika, akibishana. Oda za watu wanane. Likaniingia wazo baya. Labda hakunificha kwa ajili yangu. Labda alijua nikisikia nitataka kurudi siku ileile, na kontena la watu litabaki tupu. Mama yangu anazikwa, yeye anahesabu majora.

Nimempa nafasi. Nimemuuliza, Mama anaendeleaje pale Beni.

"Anapumzika," amesema.

Nilitaka kumpiga na ubao wa kitambaa.

Jumapili, 17 Novemba.

Amenishika mkono njiani. Nimeutoa. Nimesema kuna joto.

Jumatatu, 18 Novemba.

Sijui amekufaje. Kwa risasi? Njiani? Nani alimfumba macho? Amezikwa wapi, kando ya Baba au wapi? Haya ndiyo ninayowaza huku mtu ananionyesha leso.

Ninakula ili asishtuke. Ninacheka mahali pa kucheka. Usiku tunalala kitanda kimoja, kila mtu na ukuta wake. Nina hasira na yeye kuliko nilivyowahi kuwa na mtu. Na nina hasira na mimi zaidi, kwa sababu ya mkono ambao sikuushika Beni.

Jumatano, 20 Novemba.

Leo Mama Neema amenisaidia kufunga marobota. Tulikuwa wawili tu. Nilimlalamikia Paluku makusudi, nikasema mume wangu anajali mizigo kuliko watu. Akakasirika kwa niaba yake.

"Hapana sema vile, Mama Gloria! Ule siku alizunguka kila bureau ya ndege kwa miguu, mi nilikuwa naye. Alilia mbele ya bale batoto ba bureau. Alisema mizigo baache, bamupe tu nafasi mbili. Lakini ndege yote ilikuwa imejaa mpaka tarehe yenu."

Kisha akajua amesema. Akajiziba mdomo.

Nikauliza, nafasi mbili za nini?

"Za... za mizigo."

Nikaitikia. Tukaendelea kufunga. Kamba ilinikata kidole, nikashukuru, nikapata kisingizio cha machozi. Mama Neema naye akalia, akasema ananionea huruma kidole.

Zile saa mbili. Lile shati lililolowa. Alizunguka mji mzima, akashindwa, akarudi akiwa na mama yangu kifuani, na siku ile mikono yake haikuweza kununua kitu. Ndipo akaamua, kama hatuwezi kufika, basi huyu mwanamke apate angalau siku moja. Akatafuta neno moja la kweli la kunipa: amefika Beni. Nimemhukumu siku tano bila kumpa hata shahidi.

Sasa ningeweza kumwambia. Nimefungua mdomo mara mbili jioni hii. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anajaribu kurekebisha zipu ya koti langu la kuazima, ametoa ulimi nje kama mwanafunzi. Nimeufunga mdomo.

Jumamosi, 23 Novemba. Hong Kong.

Kiwanja cha ndege. Paluku amesema hatutashukia Rughenda, tutashukia Mavivi, kiwanja cha Beni, ili nimsalimie Mama kwanza. Ameyasema haya akiangalia ndege. Nimesema vizuri.

Jumatatu, 25 Novemba. Beni.

Mavivi hakuna aliyetupokea kwa kelele. Kambale alinyoosha mkono tu.

Uani kwa Kambale, wanaume kwenye moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Wameningoja siku kumi na moja, wengine wamerudi leo kwa ajili yangu tu. Niliketishwa. Nilipewa maji, nikanywa. Mjomba, mdogo wake Mama, akasimama mbele yangu, akavua kofia.

"Katungu, mama yako alikuya hapa Jumatano ile. Alitembea siku mbili na majirani. Aliomba maji ya miguu. Aliuliza: Katungu amefika kule? Tukasema hatujui bado. Akaegemea ukuta, akangoja. Hakuamka tena."

Hakupigwa risasi. Alichoka. Jumatano ile nilikuwa angani, na Alhamisi walipomzika nilikuwa namwambia Mama Neema kwamba Mama ni mzima. Amezikwa hapa Beni, mbali na Baba, maana barabara ya Mabalako imefungwa.

Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kulia vizuri, kama mtu anayesikia mara ya kwanza. Kumbe sikuhitaji kujiandaa. Aliuliza kama nimefika. Hilo nilikuwa silijui. Wanawake walinidaka.

Na nje nikasikia mwanamume analia kwa sauti ambayo wanaume wetu hawalii. Wakasema, nani huyo? Ni mkwe. Ameanguka kando ya moto, wameshindwa kumwinua. Nikatoka kwa magoti, nikapita katikati ya wanaume, jambo lisilofanywa, nikaketi chini, nikaweka kichwa chake kwenye mapaja yangu. Alikuwa anarudia neno moja: nisamehe. Watu walidhani anamwambia marehemu.

Jumatano, 27 Novemba. Beni.

Kaburi. Udongo bado mwekundu. Nimemweleza kila kitu. Mbuzi wa mawe, dansi, misuko, nyoka ndani ya wavu. Sikuruka hata kimoja. Nimechukua saa nzima. Kambale aliningoja mbali kidogo na hakuniharakisha.

Jumapili, 1 Desemba. Butembo.

Mvua tangu asubuhi. Tumekwenda misa ya kwanza. Paluku hakusinzia.

Picha ya kule Guangzhou ameiweka juu ya kabati, nikaitoa, nikaiweka ndani ya Biblia. Ameona. Baadaye, tulipokuwa tumekaa mlangoni tunangoja mvua ipungue, akasema, macho kwenye viatu vyake:

"Ile siku ya kutembea. Ulikuwa na furaha kidogo?"

Hajawahi kungoja jibu langu namna ile. Angekuwa mtoto ningesema anangoja kiboko.

Nikamwambia nilikuwa na furaha sana.

"Mpaka jioni?"

Mpaka jioni, nikasema.

Siku kumi alimbeba mama yangu peke yake, ili mimi nipate siku moja. Siku hiyo ilivunjika saa kumi, ndani ya kanisa, na ni mimi tu ninayejua. Sitamrudishia vipande.

Akashusha pumzi. Alikaa bado kidogo, mkono wake karibu na wangu, kisha akaingia ndani kuwaita watoto waje kula.